Kompyuta ilisema mifuko ipo

Najua nimepotea karibu wiki tatu bila kuandika kitu, na wawili watatu wameshaniuliza kama nimefunga duka. Sijafunga. Nilikuwa Morogoro kwa mama mdogo, na safari hii nimemwomba ruhusa ya kuandika jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha tangu mwaka 2025 kwa sababu linahusu familia. Akacheka, akasema, "Andika baba, ila jina la kiwanda changu usilitaje, na la hao vijana waliotuuzia usilitaje pia, sitaki kesi." Basi sitataja.

Mama mdogo anasaga unga wa lishe na unga wa uji wa ulezi. Alianza uani na mashine moja ya kukoboa na mbili za kusaga, leo ana wafanyakazi tisa, alama ya TBS, kirikuu moja ya kusambazia mzigo, na wateja mpaka Dar. Pakiti yake ya kilo moja ya lishe ina nusu kilo ya mahindi, gramu 200 za ulezi, gramu 200 za soya na gramu 100 za karanga. Hizo namba zishike, tutazirudia.

Mwezi Julai 2024 mdogo wangu, yaani mtoto wa mama mdogo, alikuwa ametoka chuo na kichwa kimejaa mambo mapya. Akamshawishi mama yake anunue programu ya kompyuta ya kupanga uzalishaji. Malipo kwa mwezi, kwa kila mtu anayeingia humo. Vijana wa kampuni moja wakaja na kompyuta zao, wakafundisha siku mbili, wakala ubwabwa wa mama mdogo, wakaondoka. Na mimi, nikubali kosa, nilikuwa upande wa mdogo wangu. Nilimwambia mama mdogo kwa simu kwamba biashara ya daftari imepitwa na wakati.

Kwa wale wasiojua programu hizi zinafanya nini, ngoja nieleze kwa njia ninayoielewa mimi. Fikiria kamati ya harusi. Mmetoa kadi 150 za dabo, kwa hiyo mnategemea watu 300. Mpishi anasema kilo moja ya mchele inalisha watu sita, kwa hiyo kilo 50. Nyumbani kwa bibi harusi kuna kilo 20 zimeshaletwa na shangazi, kwa hiyo mnunue 30. Viungo vinunuliwe wiki moja kabla kwa sababu havioti mguu, nyama asubuhi ya siku yenyewe, vitunguu siku mbili kabla. Ukiangalia vizuri hapo kuna mambo manne tu. Wageni wangapi, kila mgeni anakula nini na kiasi gani, nyumbani tuna nini tayari, na kila kitu kinachukua siku ngapi kufika. Programu za viwandani, hata zile za mamilioni ya dola, kwenye kiini chake zinafanya hesabu hiyo ya kamati ya harusi. Tofauti ni kwamba zinaifanya kwa vitu elfu kumi kwa mara moja na hazichoki.

Aliyeipa hesabu hii sura yake ni Joseph Orlicky, mtu aliyefanya kazi IBM, ambaye mwaka 1975 alitoa kitabu kizima juu yake. Kabla ya hapo viwanda vingi vilikuwa vinasubiri kitu kipungue stoo ndipo viagize, kila kitu na kiwango chake, kana kwamba tairi na gari havijuani. Orlicky akasema kuna vitu unavyokisia na kuna vitu unavyokokotoa. Magari mangapi yatanunuliwa mwezi ujao, hapo unakisia. Lakini ukishaamua kutengeneza magari 100, matairi hayakisiwi tena, ni 400 na ya akiba juu yake. Ni jambo dogo mno ukilisikia, na limebadilisha viwanda vya dunia nzima. Kwa mama mdogo maana yake ni kwamba pakiti za mwezi ujao anaweza kukisia, lakini mifuko, soya na karanga ni hesabu ya darasa la tano.

Sasa tuje kwenye mkasa.

Wiki ya pili ya Februari 2025, mfanyabiashara wa jumla wa Dar alipiga simu akitaka pakiti 3,000 za kilo moja. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaanza mwanzoni mwa Machi na wote mnajua uji unavyokwenda wakati wa futari. Hii ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata mama mdogo. Mdogo wangu akafungua kompyuta. Mahindi yapo, ulezi upo, soya ya kununua kidogo, karanga zipo. Mifuko ya kilo moja, yenye jina na alama, 4,200. Kwa kasi ya pakiti 300 kwa siku, siku kumi kazi imekwisha. Mama mdogo akampigia yule wa Dar akamwambia njoo uchukue tarehe fulani.

Mzee wa stoo alikuwa amesimama mlangoni. Huyu mzee yuko pale tangu 2016, anatunza daftari kubwa la kaunta lililofungwa kwa kamba ya katani, na kalamu imefungwa kwenye kamba hiyo hiyo isiibiwe. Akasema, "Mama, mifuko ya kilo haifiki elfu moja na mia mbili." Mdogo wangu akamgeuzia kioo cha kompyuta amwonyeshe. Mzee hakusoma. Akasema tena, "Haifiki."

Waliamini kompyuta. Na mimi ningekuwepo ningeamini kompyuta.

Siku ya nne mifuko ikaisha. Ilikuwa 1,100. Mifuko mipya iliyochapwa inatoka Dar na inachukua wiki tatu, kwa sababu mchapaji ana foleni yake na hakubali oda ndogo. Wakamaliza mwezi wa Februari na magunia ya unga uliochanganywa tayari, hauna pa kuingia. Yule wa Dar akachukua pakiti 1,100, nyingine akatafuta kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye aliye kwenye rafu zake mpaka leo. Lakini hilo silo lililoniuma. Lililoniuma ni kwamba mifuko 3,100 ilikuwa "imepotea", na mwenye ufunguo wa stoo ni mmoja tu. Mzee akaambiwa akae nyumbani kwanza. Hakuna aliyetamka neno mwizi. Hakuna haja ya kulitamka, mtaa mzima unalisikia wenyewe.

Mama mdogo alinipigia akilia. Sio kwa sababu ya oda, ila kwa sababu mke wa mzee alikuja nyumbani na kukaa barazani bila kusema kitu, kisha akaondoka. Nikachukua basi la asubuhi.

Nilianzia kwa mzee. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Hakunilaumu wala hakujitetea. Alikuwa ameondoka na kitu kimoja tu, lile daftari, akanikabidhi akasema, "Hesabu iko humo, wewe si mwandishi, soma." Siku mbili nzima tulikaa sakafuni stoo, mimi, mdogo wangu na daftari, tukahesabu mifuko mmoja mmoja na kulinganisha na kilichoingizwa kwenye kompyuta tangu Julai.

Mifuko 2,000 haikuwahi kuwa ya kilo moja. Ilikuwa ya nusu kilo. Iliingia Septemba, na kwenye kompyuta ikaingizwa kwa jina "mifuko" tu, kwa hiyo ikajumlishwa na ile ya kilo. Ilikuwepo palepale kwenye shubaka la juu, imejaa vumbi, haijaenda popote. Mifuko 700 iliungua au kuchanika kwenye mashine ya kubana mdomo. Umeme ukipungua nguvu kisha ukarudi ghafla, mashine inachoma mfuko, kijana anautupa na kuchukua mwingine. Miezi saba ya namna hiyo. Daftari la mzee lina ukurasa mzima umeandikwa "iliyoharibika", kila siku na idadi yake. Kompyuta haikuwa na ukurasa huo, kwa sababu siku zile mbili za mafunzo hakuna aliyeuliza kama mifuko huwa inaungua. Na 400 zilitumika kwenye maonyesho ya Nane Nane mwaka 2024, pakiti za kugawa bure. Hazikuuzwa, kwa hiyo hazikuandikiwa risiti, na kwa sababu hazikuandikiwa risiti, kompyuta inaamini mifuko yake bado ipo.

Jumlisha. 2,000 na 700 na 400. Hakuna hata mfuko mmoja ulioibiwa. Mdogo wangu alifunga kompyuta akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema anakwenda kwa mzee. Nikamwambia nenda peke yako.

Kuna mtu atasema, hiyo ni Morogoro bwana, ni viwanda vya uani, wenzetu walioendelea hayo hayawapati. Haya, sikiliza habari ya Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, wala si kampuni ya uani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitumia dola milioni 112 kuweka mifumo mitatu kwa mpigo, ya SAP, Manugistics na Siebel. Washauri walisema kazi hiyo inahitaji miezi 48, wao wakaibana iwe miezi 30. Wakawasha mfumo mwezi Julai 1999, wakati oda za sikukuu ya Halloween, ambayo kwa wauza peremende wa kule ni kama Ramadhani ya mama mdogo, zinaanza kumiminika. Matokeo yake walishindwa kupeleka mzigo wa dola kama milioni 100, chokoleti zipo, oda zipo, vimeshindwa kukutana. Faida ya robo ile ya mwaka ikashuka kwa asilimia 19.

Sehemu moja ya mkasa huo ndiyo ilinifanya nicheke peke yangu kwenye basi. Msimu ukiwa mkali, watu wa Hershey walikuwa na mazoea ya kurundika katoni za ziada popote penye nafasi, hata vyumba ambavyo si stoo rasmi. Wafanyakazi wanajua, ukimuuliza mtu anakuonyesha. Mfumo mpya haukuvijua vyumba hivyo, kwa hiyo kwake chokoleti hizo hazikuwepo duniani. Kwa mama mdogo kompyuta iliona mifuko isiyokuwepo, kwa Hershey haikuona chokoleti zilizokuwepo. Na katika yote mawili kulikuwa na mtu mwenye ufunguo ambaye angeulizwa angesema.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Nike. Waliwasha programu ya kutabiri mahitaji mwaka 2000, ikaagiza viatu vingi vya aina isiyotakiwa na vichache vya aina inayogombewa, na Februari 2001 wakatangaza kwamba mauzo ya dola kama milioni 100 yamepotea katika robo moja. Nike walipona kwa sababu ni Nike. Wana mtaji wa kukosea. Mama mdogo hana, na wewe mwenye kiwanda cha sabuni au cha mafuta ya alizeti unayesoma hapa huna.

Turudi kwenye Ramadhani, maana hapa kuna kitu ambacho vijana waliouza ile programu hawakukifikiria kabisa, na mimi nadhani ni kikubwa kuliko mifuko. Programu inatabiri kwa kuangalia nyuma. Inasema mwaka jana Machi uliuza sana, basi mwaka huu Machi utauza sana. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza karibu tarehe 12 Machi, kwa hiyo mauzo ya mama mdogo yalipanda mwishoni mwa Februari na Machi yote. Lakini mwezi wa Ramadhani haufuati kalenda ya ukutani. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 umeanza katikati ya Februari. Programu inamjua Machi, haijui mwezi mwandamo. Ilipendekeza mifuko iagizwe kwa tarehe ambazo zingefaa mwaka uliopita, na ukishakuwa na mchapaji anayechukua wiki tatu, siku kumi ni msiba. Mzee wa stoo anajua Ramadhani ni lini. Muuza duka wa Msamvu anajua. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Programu nyingi zina mahali pa kuandika sikukuu zinazohama, lakini lazima mtu aandike, na aandike kila mwaka.

Mapishi nayo yalikuwa na kasoro, japo hii ni fupi. Pakiti elfu moja kwa ile orodha yangu ya juu zinataka kilo 200 za soya. Kompyuta ikasema nunua 200. Lakini soya inachambuliwa, inakaangwa, inapetwa maganda. Unaponunua kilo 200 za gunia, kinachoingia kwenye mashine ni pungufu. Kila mama anayepika anajua hilo. Kwenye daftari la mzee kuna safu ya kilo zilizoingia na safu ya kilo zilizotoka kwenye kukaanga, tangu 2016. Miaka tisa ya takwimu safi, imefungwa kwa katani, na hakuna aliyeitazama wakati wa kuweka mfumo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi kwenye daftari. Mwandishi wa habari anayesema hivyo ajitazame kwanza kazini kwake. Kila usiku magazeti yanachapwa kwa kukisia, nakala hizi Mwanza, hizi Mbeya, na kila asubuhi yanarudi yasiyouzwa, tunaishia kufungiwa vitumbua na habari zetu wenyewe. Kupanga ni lazima na kompyuta inapanga vizuri kuliko mimi.

Ninachosema ni kwamba tumenunua kikokotoo tukadhani tumenunua macho. Walimu wa fani hii, Orlicky na mwenzake Oliver Wight na waliowafuata, hawakuwahi kuficha jambo hili. Kiwango kinachotajwa sana katika kazi yao ni kwamba kumbukumbu za stoo ziwe sahihi kwa asilimia 95 au zaidi, na orodha ya mapishi kwa asilimia 98, kabla hujategemea mpango wowote unaotoka kwenye mashine. Stoo ya mama mdogo, kwa mifuko ya kilo, ilikuwa na 1,100 kati ya 4,200. Piga hesabu mwenyewe. Sasa niambie, ni muuzaji gani wa programu hapa nchini anayeanza kwa kusema, mama, ngoja kwanza tuhesabu stoo yako miezi miwili, ndipo nikuuzie? Hayupo. Angekufa njaa. Kwa hiyo kazi hiyo ni ya mnunuzi, na mnunuzi hajaambiwa.

Na kuna jambo la pili linalonitia wasiwasi zaidi kadiri programu hizi zinavyoenea. Ukikosea wewe peke yako, unaumia wewe. Ukikosea ukiwa katikati ya mnyororo, unamwambukiza mwenzako. Mtakumbuka sukari mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilivuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, bei ikaruka, serikali ikabidi iruhusu kuagiza nje. Upungufu ulikuwa wa kweli, sibishi. Lakini mtaani kwetu nilimwona mangi wa dukani, ambaye huwa anachukua mfuko mmoja, anatafuta mitatu. Nyumba inayonunua kilo moja ikanunua tatu. Watu hawakuanza kunywa chai mara tatu kwa siku zaidi ya zamani. Muuza jumla akiona hivyo anaagiza mara tano, na kule juu kabisa mtu mwenye kompyuta anaona mstari unapanda mbinguni.

Wataalamu wameliandika hili. Mwaka 1997 Lee, Padmanabhan na Whang walieleza habari ya nepi za Pampers. Watoto hukojoa kwa kasi ile ile mwezi hadi mwezi, lakini oda zilizokuwa zinafika Procter & Gamble zilikuwa zinapanda na kushuka kuliko mauzo ya dukani, na oda zao kwa wauza malighafi zikiyumba zaidi. Kila ngazi inaongeza chumvi yake. Na Cisco, kampuni ya mitambo ya mtandao iliyokuwa inasifiwa kwa kupanga kwa kompyuta, mwaka 2001 ilifuta kwenye vitabu vyake mali ya zaidi ya dola bilioni 2 iliyorundikana stoo, wakati mahitaji yalipoanguka. Wateja waliokuwa wanaogopa kukosa walikuwa wameagiza kitu kile kile sehemu mbili tatu. Kompyuta ikahesabu hofu kama mahitaji.

Ndio maana oda ya pakiti 3,000 ilipokuja, swali la kwanza halikuwa mifuko iko mingapi. Lilikuwa, wewe bwana wa Dar, kwa siku unauza pakiti ngapi dukani kwako? Baadaye mama mdogo alimuuliza. Jibu lilikuwa kama 60. Yaani alitaka mzigo wa siku 50 kwa mkupuo, kwa sababu mwaka uliotangulia alikosa. Angekubali kuchukua 1,000 kila baada ya siku kama kumi na sita, mama mdogo angeweza kumtimizia yote, wala asingehitaji mifuko zaidi ya aliyokuwa nayo kuanzia. Simu moja ya dakika tatu. Hakuna programu inayokupigia simu hiyo.

Sasa hali ikoje pale? Programu ya malipo wameiacha. Ada yake ya mwezi ilikuwa inakaribia nusu ya mshahara wa mzee, na hilo nikiliwaza bado linanichoma. Mdogo wangu, nampa heshima yake, hakukata tamaa. Ameweka programu huria, ERPNext, ambayo unaipakua bila kulipa leseni. Kuna nyingine inaitwa Odoo, nayo ina toleo la bure. Bure sio bure kabisa, kompyuta unanunua, umeme unalipa, na kuna usiku mdogo wangu hakulala akipambana nayo. Lakini sasa kuna kipengele cha mifuko iliyoharibika, mifuko ya nusu kilo ina jina lake, soya ina upungufu wake uliotolewa kwenye daftari la mzee, na Ramadhani inaandikwa kwa mkono kila mwaka. Kila Jumamosi wanachagua vitu vitano vya stoo wanavihesabu, wiki nyingine vitano vingine, badala ya kusubiri kuhesabu vyote Desemba na kukuta maajabu.

Na ukutani kuna mstari mwekundu wa rangi. Huo ni wazo la mzee, japo Wajapani wa Toyota walishakuwa na la kufanana nalo, kadi wanazoziita kanban, zinazokwambia kwa macho kwamba kitu kimefika pa kuagiza. Hesabu yake ni hii. Siku za kawaida wanatumia mifuko 160, mifuko mipya inachukua wiki tatu ambazo ni siku 18 za kazi, hiyo ni 2,880, weka na akiba ya wiki moja, 960. Jumla 3,840, tukaifanya 4,000. Mabunda 40 ya mifuko mia mia yakipangwa yanafika usawa wa bega la mzee. Hapo ndipo rangi ilipopigwa. Mifuko ikishuka chini ya rangi, mtu yeyote, hata mfagizi, ana ruhusa ya kupiga kelele. Miezi miwili kabla ya Ramadhani wanapiga mstari mwingine juu yake kwa chaki.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili. Hakurudi kirahisi. Alitaka mambo mawili. La kwanza, mama mdogo aseme mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna kilichoibiwa, na alisema, nilikuwepo. La pili, chochote kinachoingizwa kwenye kompyuta kuhusu stoo kiingizwe na yeye. Mdogo wangu akamfundisha. Anaandika kwa kidole kimoja, polepole, miwani kwenye ncha ya pua, na daftari la katani liko pembeni. Juzi nilipokuwa pale nilimuuliza mbona bado anaandika daftari wakati kompyuta anayo. Akaniambia umeme ukikatika, kompyuta inakuwa ni meza tu.

Nilimuuliza mama mdogo kama yule wa Dar amewahi kurudi. Bado. Ila Januari hii alituma mtu kuulizia bei ya nusu kilo, na ile mifuko 2,000 ya kwenye shubaka la juu bado iko pale.